Kati ya msalaba na mzigo wangu mwenyewe

Baba yangu alizikwa katika makaburi ya Waislamu ya Kariokor alasiri ya siku ileile aliyofariki, wakati mama, ambaye ni Mwanglikana, alikuwa bado anawapigia simu ndugu zake waliodhani kwamba wana juma zima la matanga na michango. Kabla ya siku hiyo, kila nilipoulizwa ninafuata dini gani, nilizoea kujibu kwamba dini zote ni moja. Nakiri kwamba jibu hilo lilikuwa la adabu tu, la kulikwepa swali.

Nimesoma tangu hapo, na ninapokwama ni msalabani. Aya ya 157 ya Surat An-Nisaa inasema kwamba hawakumwua Isa wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa. Marko, katika sura ya 15, anataja hata saa, kwamba ilikuwa saa tatu walipomsulubisha. Fumbo la Utatu naweza kuwaachia wanateolojia, lakini kifo cha mtu ni tukio, ama kilitokea ama hakikutokea. Tacitus, Mrumi aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 2 na ambaye hakuwapenda Wakristo hata kidogo, anasema kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato, na wanahistoria wengi, wakiwamo wasioamini, hawana shaka na hilo. Kwa hiyo historia inanivuta upande wa mama.

Hata hivyo, kukubali kwamba alikufa si kukubali kwamba kifo chake kilinilipia dhambi zangu. Surat Al-An'aam, aya ya 164, inasema kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwingine, na dhamiri yangu inaitikia mara moja, kwa kuwa sioni haki katika asiye na hatia kuadhibiwa kwa niaba ya mwenye hatia, hata akiwa amejitolea kwa hiari. (Ezekieli 18 inakaribia kusema yaleyale, sura ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa Ijumaa Kuu.) Hapo ninajikuta upande wa baba, nikiwa na msalaba ninaouamini kama habari lakini nisioweza kuuamini kama wokovu.

Mihadhara ya hadharani, ambamo Mwislamu huja na Biblia iliyojaa alama na Mkristo huja na Qurani ya tafsiri, haijanisaidia. Wasemaji wake hushindana kwa aya mpaka mmoja akose la kujibu, umati ukapaza takbiri au haleluya, na mwenye swali la kweli akarudi nyumbani nalo.

Walionifariji ni wawili, mmoja kutoka kila kitabu. Katika Surat Al-Baqara, Ibrahim anamwomba Mungu amwonyeshe jinsi anavyofufua wafu, na anapoulizwa kama haamini, anajibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Katika Marko 9, baba wa mtoto mgonjwa analia: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hakuna kati yao aliyefukuzwa kwa kusema hivyo, nami sielewi kwa nini misikitini na makanisani mwetu anayeuliza huombewa haraka kana kwamba amepagawa.

Ami yangu, ambaye hunipitia kila Ijumaa, ameniuliza mara mbili kama nimewaandikia jamaa mahali pa kunizika. Mama hajauliza, lakini najua anasubiri jibu lilelile. Bado sijaandika.