Nusu Mtu, Desibeli 34

Jamani, ukitaka nyumba ya halmashauri England, kwanza utahesabiwa, na hesabu yenyewe siyo ile uliyofundishwa shuleni. Sheria ya nyumba ya 1985 inasema mtoto asiyetimiza mwaka haingii hesabuni kabisa. Kuanzia mwaka mmoja mpaka kabla ya kumi, ni nusu mtu. Sebule nayo ni mahali pa kulala. Basi chukua baba, mama, mtoto wa miaka saba, wa miaka mitano na kichanga anayelia tangu jana, wapange kwenye chumba kimoja na sebule. Vichwa vitano! Sheria ikihesabu inapata watu watatu, na vyumba viwili, kama si vidogo mno, ruhusa yake ni watu watatu. Hamjabanana, mnadeka tu.

Nafuu ni kwamba kwenye foleni zao halmashauri nyingi hutumia kipimo chenye huruma kidogo. Unapewa daraja kulingana na shida yako, na unapewa tarehe. Ishike hiyo tarehe, kwa sababu mkilingana daraja, mwenye tarehe ya zamani ndiye anayepita. Nyumba zinatangazwa, unaomba, unaambiwa wewe ni wa 187. Kesho yake umekuwa wa 240 na hujatoka hata kitandani. Wenye daraja la juu wameamka. Na ofa ikija, usijitie kuchagua rangi ya mlango. Ukikataa nyumba wanayoona inakufaa, wanaweza kukushusha daraja.

Haya, umepata. Jirani wa juu kang'oa zulia, kaweka laminati, ile sakafu ngumu ya mbao za kiwandani. Hapo ndipo watu wanapoteza pesa kwa kubandika sponji darini kwao. Kisigino kikigonga sakafu ngumu, mshindo unaingia kwenye zege na kushuka na kuta, kwa hiyo dari lako halina la kuzuia. Dawa iko juu kwake: tandiko zito chini ya laminati, au zulia lirudi. Uliza mwenye nyumba kama alimpa kibali, maana mikataba mingi inakidai. Ila kutembea kwenyewe na kuvuta maji chooni, hapo huna kesi. Mwaka 1999 mahakama ya juu kabisa ilishaamua kwamba kelele za maisha ya kawaida si kero ya kisheria, hata kuta ziwe nyembamba vipi.

Muziki ni habari nyingine. Kuanzia saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi, kikomo ni desibeli 34, ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti, zikipimwa ndani kwako, ikiwa sauti ya kawaida ya mahali hapo haizidi 24. Ikizidi, jirani anaongezewa 10 juu yake. Yaani unayekaa kando ya barabara kuu unadaiwa uvumilivu zaidi, kana kwamba malori yanakulipia kodi.

Halafu unapewa fomu ya kuandika kero. Ukiandika “kelele usiku kucha”, umeandika shairi. Andika hivi: “Jumamosi, saa 5:40 usiku mpaka 8:15, besi, chumba cha kulala, dirisha linatetema, mtoto kaamka.” Na peleka mapema. Sheria ya 2014 inakupa haki ya kudai kesi ichunguzwe upya ukiwa umelalamika mara tatu ndani ya miezi sita, lakini kila lalamiko liwe limefika ndani ya mwezi mmoja tangu tukio. Mstaarabu aliyekaa kimya mwaka mzima, karatasini hajawahi kusumbuliwa.

Ukishachoka, kuna kubadilishana nyumba na mpangaji mwingine. Kwa wapangaji wa kudumu, mwenye nyumba ana siku 42 za kujibu, na sababu za kukataa zimeandikwa, hajitungii. Wa kuja kukagua kwako mwite saa nne asubuhi, yule wa juu akiwa bado anakoroma. Ila na yeye atakuita saa nne asubuhi. Kwake pitia tena Jumamosi saa sita usiku, bila kumwambia.