Kiu ya leo katika hadithi za kesho
Ati hadithi za kubuni za kisayansi ni njia ya kuikimbia dunia ilivyo! Mimi naona ndizo zinazotugeuza uso tuitazame. Filamu ya Wanuri Kahiu, Pumzi, ya 2009, ina watu walionusurika vita vya maji, wanasafisha hata jasho na mkojo wao wapate kunywa. Kwetu Majengo haikuonekana ndoto: Mombasa imezungukwa na bahari, visima vingi vina chumvi, maji ya mfereji mengine yatoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, na yakikatika twangoja mkokoteni wa mitungi. Tangu niitazame nawawaza wajukuu zangu, watakunywa nini? Nyinyi wa Kisauni na Likoni, Mombasa ya 2060 mngeiandika vipi?