Hadithi za Waaweer na kinasa sauti: kauli iwe ya nani?

Wanaohimiza hadithi za wazee wa Lamu zirekodiwe na kuhifadhiwa kidijitali wana hoja nyingi, lakini iliyo nzito kuliko zote inatoka upande wa bara wa Lamu, katika vijiji vya Waaweer, wawindaji na warina asali wa msitu wa Boni ambao wengi huwaita Waboni, kama vile Mangai, Milimani na Basuba. Kiaweer ni miongoni mwa lugha zilizo hatarini kutoweka. Mzee akifariki kabla ya kusikilizwa, hakuna maktaba itakayojaza pengo lake. Isitoshe, baadhi ya maarifa yao hayaandikiki: mrina asali humwita kwa mluzi ndege anayemwongoza hadi penye nyuki, na mluzi huo kalamu haiwezi kuushika, ilhali kinasa sauti kinaweza.

Wenye shaka nao wasipuuzwe. Hapa Amu, yaani mjini Lamu, mtambaji akisema "Paukwa!" hungoja aitikiwe "Pakawa!", kisha huirefusha au kuifupisha hadithi kwa kadiri ya waliomzunguka, ilhali rekodi huigandisha mara moja tu kati ya nyingi. Hoja hii ni ya kweli, ingawa naiona ina dawa: warekodiwe watambaji kadhaa, na sauti za wasikilizaji zisikatwe.

Linalonisumbua zaidi ni msitu wenyewe. Tangu Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na hasa tangu operesheni ya usalama ilipoanza katika msitu wa Boni mwaka 2015, Waaweer wamezidi kutengwa na mahali ambapo maarifa hayo yalifunzwa. Mtoto anayeusikia mluzi kwenye simu bila kumfuata ndege hata siku moja amerithi sauti, hajarithi ujuzi. Kwa hiyo mradi wa kurekodi usiwe kisingizio cha kutozungumzia haki yao ya kuingia msituni.

Kuna pia suala la umiliki, kwani hadithi ikishawekwa kwenye intaneti hairudishiki. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni inataka jamii iridhie kwanza, tena ikiwa imeelewa inaridhia nini, na inazikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuweka rejista. Kwamba teknolojia inaweza kutii masharti ya wenyewe kumeshaonekana Australia, ambako programu ya Mukurtu, iliyoanzia kwa jamii ya Warumungu huko Tennant Creek, huiachia jamii iamue nani aone au asikie nini, kwa kufuata mila zake.

Kwa maoni yangu, basi, kurekodi kuendelee, tena bila kuchelewa, ila maelezo ya ridhaa yatolewe kwa Kiaweer, nakala ya kwanza ibaki kijijini kwenye kadi inayochezwa bila intaneti, na hakuna faili litakalotoka Basuba kabla ya wazee kusema lipi litoke na lipi libaki.