Nilivyotikisa chupa ya 1989

Nimekulia Tanga, na kwetu mtu akikumiminia juisi ya ukwaju bila kutikisa chupa, ni mchoyo: wewe anakupa maji ya juu, utamu anaubakisha chini anywe mwenyewe. Naomba msomaji aliweke hilo kichwani kabla hajanihukumu.

Nilikuwa weita msaidizi kwenye mgahawa mdogo mjini Bordeaux, Ufaransa. Mzee mmoja alitaka kusherehekea siku yake ya kuzaliwa Jumamosi pamoja na wanawe na wajukuu, na tangu Alhamisi alikuwa ameagiza chupa ya mvinyo mwekundu wa Saint-Émilion, ya 1989. Mwaka ule jua lilichoma kweli, zabibu zikaiva barabara. Bosi akaitoa chupa kwenye rafu ilikolala, akaisimamisha wima kwenye stoo ya chini. Usiku wenyewe ulipofika akaniambia: "Kailete. Polepole!" Nikadhani ananihurumia, maana ngazi zile zinateleza.

Kule chini nikaiinua kwenye taa. Lo! Kuzunguka ule mbonyeo wa kitako, tope jeusi kama masizi ya kibatari. Nikasema moyoni, bahati yao nimeiona mimi. Nikashika shingo kwa mkono mmoja, kitako kwa mwingine, nikaitikisa. Wala si kidogo. Niliitikisa kama ukwaju wa harusini, nikaipindua juu chini mara mbili, hadi pale chini pakawa peupe. Kisha nikapanda nayo polepole sana, kama nilivyoagizwa.

Kumbe lile tope si uchafu. Ni tanini, yaani ule ukakasi wa mvinyo, na rangi iliyotoka kwenye maganda ya zabibu. Miaka ikipita hushikamana, zikawa nzito, zikazama. Chupa hulazwa ili kizibo kisikauke, halafu husimamishwa siku moja au mbili kabla ya kunywewa ili mashapo yote yashuke. Ukiyatikisa, unakunywa chaki chungu.

Bosi hakujua. Alikata ile bati ya shingoni chini ya mdomo wa chupa, akatia kizibuo cha ncha mbili bapa, maana cha skrubu huvunjavunja kizibo kikongwe, akakizungusha huku akikivuta. Kizibo kikatoka kizima. Akawasha mshumaa, akaiweka shingo ya chupa juu ya mwanga, akaanza kumimina kwenye jagi la kioo, mkondo mwembamba, bila kusita. Hapo mtu hungoja uzi mweusi wa mashapo ufike kwenye bega la chupa, akaacha kumimina. Sisi uzi hatukuuona. Chupa nzima ilikuwa uzi.

Mzee akachungulia jagi, akauliza kama tumemchotea Garonne. Mto ule ukipita pale mjini una rangi ya chai ya maziwa.

Jikoni nikapendekeza tuchuje kwa kichujio cha kahawa. Bosi akaniangalia kama nimetukana mama yake. Zile chembe ni laini, akasema, uchungu umeshaingia. Kungoja zizame tena ni siku nzima au zaidi, na mvinyo mkongwe ukishafunguliwa unaweza kufa kabla hata mlo haujaisha. Muosha vyombo wetu, kaka mmoja wa Bukavu, aliposikia mkasa aliacha sufuria. "Ndugu, ile haiko dawa ya kikohozi!"

Mzee akaletewa mvinyo wa Pauillac, bure. Chupa nzuri, ila ni ya ng'ambo ya pili ya mto: kule Médoc ardhi ni changarawe, inashika joto, na zabibu ya Cabernet Sauvignon inayochelewa kuiva inaipenda. Saint-Émilion ni udongo wa mfinyanzi na chokaa, nyumba ya zabibu ya Merlot, mvinyo laini. Mzee alitaka ulaini. Alikunywa amenuna kama aliyeagiza pilau akaletewa ugali, japo ugali wenyewe wa bei mbaya.

Tangu hapo kazi ya kusimamisha chupa za zamani nikapewa mimi, na mshumaa nikafundishwa.

Miezi kadhaa baadaye nikawapikia wenzangu samaki wa nazi, nikatengeneza na ukwaju, nikauweka mezani. Kabla sijageuka, bosi akauchukua. Akawasha mshumaa. Akamimina kwa mkondo mwembamba, bila kusita, tope lilipokaribia bega akaacha. Kila mtu akapata glasi ya maji masafi yenye kaharufu ka ukwaju, na utamu wote bosi akaumwaga kwenye sinki.