Familia Ikipanda Meli ya Utalii, Ikae Kitako Ipigwe Picha

Nimesikia mara nyingi, barazani na katika makundi ya simu ya familia, kwamba kulipia picha iliyopigwa na mpiga picha wa melini ni kutupa fedha baharini. Kila mtu ana simu yenye kamera nzuri, husema wasemaji, na sura ni zile zile. Mimi naona kinyume chake. Kwa familia ya Kizanzibari ambayo watoto wake wametawanyika Unguja, Pemba, Maskati, Dubai na Ulaya, safari ya meli ni miongoni mwa nafasi chache zilizobaki za kupata picha ya wote kwa pamoja, iliyopigwa na fundi, na si haki nafasi hiyo ikapita kwa sababu ya bei au kwa sababu ya haya ambayo ina njia ya kuheshimiwa.

Msimu wa kaskazi meli hizo hufika bandari ya Malindi, hapa Unguja, zikashusha wageni asubuhi na kuondoka nao jioni, na kwa hiyo wengi wetu tumezoea kuziona kama chombo cha watu wengine. Lakini Wazanzibari wanaozipanda wapo. Kwa kawaida hualikwa na mtoto au ndugu aliyeko Ghuba, na safari huanzia Dubai katika miezi ya baridi, ikachukua wiki moja hivi kwa kupita bandari za jirani. Kwetu aliyelipa alikuwa kaka yangu mkubwa anayeishi Maskati, na waliosafiri walikuwa mama, mama mkubwa kutoka Wete, ami yetu, sisi watoto pamoja na wake na waume, na wajukuu wa kila rika.

Fikirini ni wapi pengine watu kama hao hukutana. Familia zetu hukutana msibani na harusini. Msibani hakuna anayetoa kamera, wala haifai. Harusini picha ni nyingi mno, lakini wanaume wako msikitini kwenye nikaha na wanawake wako ukumbini kwao, kila upande na mpiga picha wake, na inapofika saa ya kuagana nusu ya watu wameshakimbilia boti ya Pemba au uwanja wa ndege. Sikukuu nayo humkuta kila mtu katika nyumba yake. Ndiyo maana zipo familia kubwa, zenye heshima na zenye kupendana, ambazo hazina hata picha moja inayomwonyesha bibi akiwa na watoto wake wote waliokwisha kuwa watu wazima. Melini hali ni tofauti kabisa: hakuna anayepika, hakuna anayeitwa dukani, wote wamekwisha kuoga na kuvaa kwa ajili ya chakula cha usiku, na hakuna pa kuondoka kwenda.

Meli kubwa huwa na kikosi kizima cha wapiga picha. Wapo wanaosimama kwenye ngazi siku ya kupanda, wapo wanaozunguka mezani wakati wa chakula, na usiku wa mavazi rasmi hutandaza mapazia yao karibu na ngazi kuu, watu wakapanga foleni. Picha hizo za haraka haraka sizisifu sana. Ninachokisemea ni chumba cha studio, ambacho meli nyingi huwa nacho, na ambamo unaweza kuweka miadi na kukaa na mpiga picha kwa muda wa kutosha. Jambo ambalo watu wengi wetu hawalijui ni kwamba mara nyingi kukaa kupigwa hakulipiwi. Unalipia picha uliyoipenda, na usipoipenda unaondoka bila deni. Hata hivyo ni vizuri kuuliza kabla, kwa sababu ziko studio za daraja la juu zenye masharti yao.

Ugumu wa kuipiga picha familia ya Kizanzibari umo katika nguo zetu wenyewe. Kanzu nyeupe na baibui jeusi vikikaa ubavu kwa ubavu, simu hulazimika kupendelea kimoja. Ikifuata weupe, baibui huwa doa moja lisilo na mkunjo, na uso ulio ndani ya ushungi huingia kiza; ikifuata weusi, kanzu huungua kwa mwanga, na darizi ya shingoni, ambayo mtu ameikalia siku nyingi kwa sindano, haionekani tena. Hapo ndipo ufundi unapojitenga na chombo.

Mpiga picha tuliyempata, kijana kutoka Ufilipino, hakuanza na kamera. Alianza na kiti. Alimkalisha mama mkubwa katikati, akakigeuza kiti kidogo ili mwanga wa taa kubwa iliyofunikwa kitambaa cheupe umfikie kwa ubavu badala ya kumpiga usoni. Waliovaa baibui aliwaweka upande ulio karibu na taa, na wenye kanzu akawapeleka upande wa mbali, ili nguo inayomeza mwanga ipate mwingi na inayorudisha mwanga ipate kiasi. Pazia la nyuma alichagua la kijivu, akaliacha jeusi, kwa sababu jeusi lingelimeza baibui na kuacha nyuso zikielea. Kisha akalaza ubao mweupe chini, mbele ya magoti, ukarudisha mwanga kwa chini hadi ndani ya ushungi. Miwani ya ami ilikuwa ikimeta. Akaiinua kidogo nyuma ya masikio, vioo vikaelekea chini, mmeto ukaondoka. Mwisho alimwomba dada amweleze mama mkubwa aitoe mikono yake iliyokuwa imejikunja ndani ya baibui na kuilaza juu ya mapaja. Hina ilikuwa bado mbichi. Katika picha ile, ukiniuliza mimi, mikono ile ndiyo inayosema ni nani aliyekaa pale.

Mama mkubwa hakutaka kutabasamu, na yule kijana hakumlazimisha. Nilimshukuru moyoni kwa hilo, kwa sababu ndivyo wazee wetu walivyozoea kutazama kamera: moja kwa moja, kwa utulivu, bila kumridhisha mtu.

Na mazoea hayo ni ya zamani. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said wa Zanzibar, aliyeondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza mwaka 1866, alipigwa picha Hamburg akiwa amevalia mavazi ya kwao, na picha hiyo ndiyo iliyotufanya tumjue kwa sura hadi leo. Kaka yake, Sultan Sayyid Barghash, alipozuru Uingereza mwaka 1875 alikaa mbele ya kamera ya studio ya London pamoja na watu wa msafara wake. Hapa nyumbani, Wagoa waliofungua studio Mji Mkongwe katika karne ya 19, akina Gomes na baadaye akina Coutinho, waliwapiga picha masultani, wafanyabiashara na watu wa kawaida. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio, ambayo iko katika barabara inayoitwa leo Barabara ya Kenyatta, na mwanawe Rohit akaiendeleza kazi hiyo. Anayeingia Capital Art hukuta ukutani nyuso za Wazanzibari wa vizazi kadhaa, watu waliovaa walichokuwa nacho kizuri, wakatoka nyumbani kwao kwa nia ya kupigwa picha.

Nia hiyo ndiyo iliyotutoka. Simu imetupa picha nyingi na imetuondolea uzito wa kukaa. Picha ya harakaharaka ina utamu wake, na sitaki mtu aache kumpiga mtoto wake anapokimbia ufukweni, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya ile ambayo watu wamekubaliana siku, wakavaa, wakapangwa, wakanyamaza. Tena picha za simu hufa na simu. Inaanguka majini, inaibiwa, inajaa, na miaka ya familia inakwenda nayo.

Sasa nije kwenye suala la haya, kwa sababu ndilo pingamizi lenye uzito. Hukumu ya picha nawaachia masheikh. Nasema na wale ambao nyumbani kwao picha zipo, lakini wanachelea picha ya mama zao kuonekana na kila mpita njia. Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Katika safari yetu, picha za studio zilichapishwa na kubandikwa kwenye mbao za ukumbi wa picha, mahali wanapopita abiria wote, na tulipotoka kwenye chakula tulimkuta mama mkubwa ukutani kati ya sura za watu asiowajua. Alikuwa ameridhia picha ya wanawe, hakuridhia ile. Aliinamisha uso akapita. Dada alikwenda mezani kwa wahudumu, akaomba iondolewe, ikaondolewa usiku ule ule na kuwekwa kwenye bahasha. Sikufurahishwa hata kidogo kwamba hakuna aliyetuuliza kabla, na naamini abiria anastahili kuulizwa.

Siku hizi meli nyingi zimeacha mbao na kuhamia kwenye skrini, ambako mitambo hutambua nyuso na kuzikusanya picha za kila familia kwenye akaunti ya chumba chake. Hilo limepunguza macho ya watu, ingawa limeleta jambo jingine, kwamba mtambo unaihifadhi sura. Tena mikataba ya tiketi ya kampuni nyingi ina kifungu kinachoiruhusu kampuni kuzitumia picha zilizopigwa melini kwa matangazo yake. Anayewasafirisha wazee na akisome kifungu hicho kabla ya kulipa, na siku ya kwanza aende kwa wapiga picha aseme wazi: picha za familia hii zisibandikwe, zisitumike, na akinamama wangependa kupigwa na mwanamke. Katika vikosi hivyo mara nyingi wanawake wapo, na ombi hilo si geni kwao. Kwa njia hiyo hata mabinti wanaweza kupata picha yao ya peke yao, mlango umefungwa, kama tunavyofanya harusini. Kuacha picha yote kwa sababu ya jambo linalokwisha kwa maneno mawili naona ni hasara.

Liko pia suala la saa. Wapiga picha wa meli wanaipenda sana nusu saa ya mwisho kabla ya jua kuzama, kwa kuwa mwanga wake ni laini na una rangi ya dhahabu, na wataikusanya familia sitahani kwa saa hiyo. Kwetu hiyo ni saa ya kutia udhu, na upepo wa juu huwa unapeperusha mitandio kiasi kwamba kila mtu anashika kichwa. Studio haina dirisha; mwanga wake baada ya alasiri ni ule ule wa baada ya isha. Wekeni miadi baada ya alasiri, wazee wakiwa bado hawajachoka, na hakuna atakayeangalia saa.

Bei si ndogo. Picha moja iliyochapishwa kwa kawaida hugharimu dola 20 au zaidi, na vifurushi vya picha nyingi huvuka dola 100 kwa urahisi, vingine mara kadhaa ya hapo. Sioni sababu ya kununua kifurushi. Chagueni picha mbili au tatu zenye watu wote, na mnunue faili lake, kwa sababu karatasi moja haigawanyiki kati ya nyumba ya Wete, ya Mikunguni na ya Maskati. Ulizeni ukubwa wa faili kabla ya kulipa: kwa karatasi ya inchi 8 kwa 10, chapa nzuri inahitaji nukta 2,400 kwa 3,000. Na likishapatikana, msilitume kwa WhatsApp kama picha, maana hupunguzwa njiani. Litumwe kama waraka, au lichukuliwe kwenye flashi. Kusafisha picha hapa Mjini ni rahisi mno kuliko melini, na pesa hizo zinabaki kwa mafundi wetu, ambao baadhi yao wanajua kabisa kazi ya kanzu na baibui; wanachokosa ni familia iliyokaa mahali pamoja.

Msingoje usiku wa mwisho, kwa kuwa foleni huwa ndefu na watu hununua kwa pupa. Siku mbili tatu kabla, mchukueni aliye mkubwa kuliko wote, akae mbele ya skrini na aoneshwe picha zote taratibu, moja moja. Atakazozikubali ndizo zinunuliwe. Asiyoitaka, hata ikiwa vijana wameipenda, waombeni wahudumu waifute hapo hapo, naye aone inavyofutwa.