Simu ya video kutoka nje isiachwe ijitafutie njia

Ofisi kadhaa hapa Kisumu zina vyumba vya mikutano vya kujivunia: skrini pana ukutani, kamera inayomfuata anayeongea, maikrofoni darini. Sasa muulize mtu wa TEHAMA swali dogo. Daktari wa Busia akitaka kukipigia chumba hiki kwa mtambo wa hospitali yake, apige anwani gani? "Aah, tutamtumia linki." Basi daktari anauacha mtambo wake uliogharimu pesa nyingi, anainamia laptopu, huku kichwa chake kikikatwa nusu na kamera.

Msimamo wangu ni kwamba kila chumba cha namna hiyo kiwe na anwani inayopigika kutoka nje, na pawe na orodha ya kanuni inayoamua simu hiyo iende wapi. Linki siipingi. Mahakama zetu zilipohamia mtandaoni 2020, linki ndiyo iliyookoa kesi, na mawakili wameizoea. Lakini linki huwataka wote waingie kwenye huduma ya mtu mmoja, ilhali mitambo ya vyumbani iliundwa iongee na mitambo ya kila aina. Lugha za pamoja za mitambo hiyo zipo siku nyingi: H.323 ilipitishwa na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, mwaka 1996, na SIP tunayotumia leo imeelezwa katika RFC 3261, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2002. Mlango tumeufunga sisi wenyewe.

Daktari huandika anwani iliyo kama ya barua pepe: jina la chumba, alama ya @, kisha kikoa, yaani jina la taasisi mtandaoni. Mtambo wake unaiuliza DNS, daftari la anwani za intaneti: kikoa hiki hupokelea wapi simu za SIP? Jibu hukaa kwenye rekodi ya SRV, inayotaja seva na poti (namba ya mlango wa seva), kwa kawaida 5061 kwa simu iliyolindwa na TLS, yaani iliyofichwa kwa msimbo njiani, na 5060 kwa isiyolindwa. Rekodi hiyo isipokuwepo, mgeni atatumiwa namba ya IP kwa WhatsApp, na siku kampuni ya intaneti ikiibadilisha hatawapata tena.

Simu ikishafika kwenye seva ya mpakani, iliyo kati ya ofisi na intaneti, orodha ya kanuni huanza kusomwa, na hapo ndipo mafundi wengi huteleza. Kanuni mahususi lazima zitangulie zile za jumla. Ile inayokubali kila kitu ikikaa mbele, zilizo nyuma yake ni mapambo. Halafu kuna namba za kipaumbele: kwenye Cisco Expressway, ambayo ni seva ya mpakani, namba 1 ndiyo husomwa kwanza, lakini kwenye Cisco Meeting Server, seva ya mikutano, namba kubwa ndiyo hutangulia. Mizizi ya mitambo hiyo ni tofauti, mmoja Tandberg na mwingine Acano, kampuni ambazo Cisco ilizinunua baadaye. Fundi akihama kutoka huu kwenda ule bila kusoma mwongozo, anaweza kuipindua orodha nzima.

Tena, kanuni nyingi hufanya kazi kama makanga wa stendi: huuliza unakwenda wapi, si wewe ni nani. Kwa simu za nje hilo halitoshi. Fungua logi (kumbukumbu za simu) ya seva iliyo wazi kwenye poti 5060 usome ya saa nane za usiku. Utakuta miito ya wapigaji wanaojiita "100" na "1000", ikijaribu namba ndefu zinazoanza na 00. Hao si watu. Ni programu zinazozunguka intaneti zikitafuta seva itakayozipitisha hadi laini za simu za kawaida, zipige namba ghali za ng'ambo, bili ibaki kwako. Hapa silegezi kamba: simu iliyoingia kutoka nje isitoke tena kupitia lango la simu za kawaida. Iishie kwenye vyumba vyetu, la sivyo ikataliwe.

Na hata vyumbani isiingie moja kwa moja. Mtambo uliowekwa ujipokelee simu wenyewe unaweza kumwonyesha mgeni kikao cha kujadili mgonjwa, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Mgeni apokelewe kwanza na sauti ya mapokezi, aweke namba ya mkutano na PIN. Wakubwa watanung'unika. "Kijana, mimi ndiye mwenyekiti, PIN ya nini tena?" Weka tu, mzee.

Kabla ya kuwatangazia watu anwani hiyo, ijaribuni kutoka nje kabisa: mtu ashuke barabarani na laptopu, awashe bando ya simu yake, apige. Jaribio la ndani ya ofisi halithibitishi kitu, kwa sababu DNS ya ndani mara nyingi hutoa jibu ambalo daktari wa Busia hatalipata.