Ulimi wa mama mkwe sebuleni

Ua lenyewe alileta waifu. Kalinunua kwa wale vijana wanaouza maua njia ya kwenda Raskazone, majani marefu yamesimama wima, kijani chenye michirizi na pembeni mstari wa njano, elfu kumi na tano pamoja na kopo lake. Muuzaji nae bila kuulizwa akamwambia Wazungu wanaliita ulimi wa mama mkwe, eti kwa vile ni refu halafu ncha yake inachoma. Waifu akacheka njia nzima, kufika nyumbani Chumbageni akasimulia upya mbele ya mtoto, na hapo ndo palipoharibika.

Maana kijana wetu yuko la kwanza na hana dogo. Mama mkwe ndo nani? Mama ake akamjibu, mama mkwe wa baba ni bibi yako wa Muheza. Basi bwana, kuanzia siku hiyo ua likaitwa ulimi wa bibi, akienda shule analiaga kabisa.

Sasa mkwe wangu ni Mbondei mpole, tunaheshimiana kiasi kwamba akiwa uani mi nazungukia mlango wa mbele. Jumamosi moja huyo, kaja na kikapu cha machungwa, shikamoo mama, marahaba baba, hamjambo humu, akaenda kukaa kochi lile lile lililo pembeni ya kopo. Waifu yuko jikoni na chai. Mimi nimekaa ncha ya stuli naangalia feni.

Mtoto akaingia mbio.

"Bibi umekaa karibu na ulimi wako!"

Nikakohoa. Haikusaidia.

"Ulimi wangu?"

"Huo hapo. Usiushike unachoma. Halafu unanuka, umeoza huku chini, dada kaumwagia maji mengi!"

Na kweli ulikua umeoza, maana asili yake ni Afrika Magharibi, kuanzia Nigeria mpaka Kongo huko, unajiwekea maji yake wenyewe kwenye majani na mizizi, sasa ukiumwagia kila siku na unyevu huu wa Tanga shina linalainika kama ndizi. Ila we fikiria kumweleza mkweo hayo, uanze na lipi.

Bibi hakusema kitu. Akainama, akabinya jani kwa vidole viwili, akalinusa, akageuka kwa binti yake aliyekua kaganda mlangoni na trei.

"Si mkonge huu? Mmenunua?"

"Elfu tano mama."

"Kumi na tano!" mtoto akasahihisha.

Weee, alicheka yule mama mpaka khanga ikamdondoka. Mkonge wa hela, Tanga hii! Baba ake alikua manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge, kazeekea korona, kile kiwanda cha kusaga mkonge, na huu wa majani ya michirizi ndugu zake wanajiotea tu porini kwao. Hata yule Mjerumani Hindorf aliyeagiza mkonge wa mashambani kutoka Florida mwaka 1893, miche 1,000 ikapona 62 tu ikapandwa kule Pangani, sidhani kama aliumia kama mke wangu siku ile.

Kesho yake naamka nakuta kopo tupu. Bibi yuko uani, kalaza jani juu ya ubao analipara kwa mgongo wa kisu, maji ya kijani yanateleza mpaka kwenye kandambili zake, na chini yake singa nyeupe zinatokeza ndefu, safi, zinang'aa. Akazianika kidogo, akazisokota juu ya paja, jioni kamba hiyo hapo, nimeivuta kwa mikono miwili haikati. Vipande vilivyobaki akavichomeka kwenye ndoo ya mchanga, vimeota vizuri tu ila mstari wa njano haukurudi, vyote kijani kitupu, elfu kumi na tano ndo imeishia hivyo.

Siku ya kuondoka nikamsindikiza stendi ya Kange, mpini wa kikapu umekatika, kaufunga na ile kamba yake. Konda akaupokea akaiangalia.

"Mama kamba nzuri hii, umenunua wapi?"

"Si kamba hiyo baba, ni ulimi wangu. Muulize mkwe wangu huyo."

Konda akanigeukia. Nikajifanya natafuta chenji.